Mashimo ya Taka Sasa Yawe Mawili

AFYA YETU
Na Tabibu Msaidizi wa zahanati, Liuli



Leo tutajifunza juu ya plastiki iliyoingia katika udongo wa mashamba yetu. Huenda mmoja wenu akauliza: "Mtu wa zahanati na udongo wapi na wapi? Hiyo si kazi ya bwana shamba?"

Ni swali zuri, na jibu lake ni fupi. Chakula tunachokula kinatoka katika udongo. Maji ya kisima yanapita katika udongo. Watoto wetu wanacheza juu ya udongo, na mikono yao wanaitia mdomoni. Kwa hiyo anayelinda udongo analinda afya.

Ninayo sababu nyingine ya kuandika somo hili. Mwaka jana nilifundisha jambo katika mkutano wa kijiji. Nililifundisha nusu. Leo nataka kulimaliza.

NILIVYOFUNDISHA NUSU

Kabla ya mvua za mwaka jana, mwenyekiti wa kijiji aliniita niseme machache juu ya usafi. Nilisimama chini ya mwembe nikasema hivi: "Kila kaya ichimbe shimo la taka. Fagieni uwanja, tupeni taka shimoni, fukieni kwa udongo. Nzi watapungua. Kuhara kutapungua. Na taka zikioza, zipelekeni shambani ziwe mbolea."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikarudi zahanati nikiwa na furaha.

Mama mmoja anayekaa karibu na zahanati alilishika somo hilo kuliko wote. Analima mahindi na mihogo. Karibu na kijito ana bustani ya mchicha na nyanya. Alichimba shimo zuri. Kila asubuhi alifagia uwanja na kutupa taka zote humo. Mvua zilipokaribia, alifukua shimo, akabeba mbolea kwa karai, akaitandaza katika bustani na katika robo ya shamba la mahindi.

Mwezi wa Januari akaniita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone mbolea yako, daktari."

Tukaenda shambani. Akapiga jembe mara moja tu. Jembe likatoka na utepe wa mfuko wa nailoni. Akapiga mara ya pili, zikatoka nyuzi za gunia la mbolea. Nikainama nikachimba kwa vidole. Niliona vipande vya vifuko vya sabuni ya unga, karatasi za pipi, mirija, kisigino cha kandambili na vifuniko vya chupa. Mche mmoja wa mahindi ulikuwa umedumaa na kugeuka njano. Tuliung'oa. Mizizi yake ilikuwa imefika juu ya kipande cha nailoni, ikashindwa kupita, ikajikunja pembeni.

Hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni mbuzi. Baada ya mavuno ya kwanza ya mchicha, mama huyo aliwaachia mbuzi wake wale masalia. Mbuzi mmoja jike akavimba tumbo, akakataa kula. Siku ya nne akafa. Walipompasua, walikuta ndani bonge la mifuko na kamba za nailoni, limesokotana, ukubwa wake ngumi mbili. Mbuzi yule alikuwa auzwe ili mtoto apate sare ya shule na madaftari.

Sikuwa na la kujitetea. Nilisema: "Mama, unisamehe. Nilikufundisha nusu."

Akanitazama, akacheka kidogo, akasema: "Basi nenda ukaseme hiyo nusu nyingine."

Ndiyo ninaisema leo.

TAKA ZA ZAMANI NA TAKA ZA LEO

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili nchini Tanzania walishiriki. Walikaa katika vikundi kama vyenu, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana. Halafu wakafanya kazi. Walichimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi, wakaondoa taka karibu na nyumba. Kazi ile iliokoa maisha, na mafunzo yake ni mazuri hata leo.

Lakini taka zimebadilika.

Hebu fikirini taka za nyumba moja ya kijijini mwaka 1973. Kulikuwa na maganda ya mihogo na ndizi, majivu, miiba ya samaki, majani ya mgomba yaliyofungiwa dagaa, kikapu kilichochakaa, kibuyu kilichopasuka, mkeka uliotoboka. Vitu hivyo vyote vilitoka katika udongo, na udongo uliweza kuvila tena. Ukivifukia leo, baada ya misimu michache huvioni. Hata chungu kilichovunjika ni udongo uliochomwa tu.

Sasa fikirini taka za nyumba hiyo hiyo leo. Maganda na majivu yapo. Lakini pia kuna mifuko, chupa, vifuko vya biskuti, madumu yaliyopasuka, kamba, magunia ya mbolea, kandambili, vipande vya nyavu. Vyote vinatupwa katika shimo moja. Vile vya zamani vinaoza. Hivi vipya vinabaki.

KWA NINI PLASTIKI HAIOZI?

Taka zinaoza kwa sababu zinaliwa. Ndani ya udongo kuna wadudu, nyungunyungu, ukungu, na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Hao ndio wafanyakazi wa udongo. Wanakula jani, na jani linakuwa mbolea. Wamefanya kazi hiyo tangu zamani sana, kabla ya mababu wa mababu zetu.

Plastiki inatengenezwa kiwandani, na sehemu kubwa yake inatokana na mafuta ya petroli na gesi. Plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote na mwanadamu ilipatikana mwaka 1907 huko Marekani, na mtaalamu aliyeitwa Leo Baekeland. Ile ambayo leo hutengenezwa mifuko laini na madumu iligunduliwa Uingereza mwaka 1933. Kwa hiyo plastiki ni mgeni katika udongo. Wafanyakazi wa udongo hawajazoea kuila.

Msije mkadhani kuwa plastiki inakaa vile vile siku zote. Inabadilika. Jua linaiunguza na kuikausha. Jembe linaikata. Ng'ombe anaikanyaga. Inakuwa vipande, na vipande vinakuwa vipande vidogo zaidi. Mwisho inakuwa chembechembe. Wataalamu wanaita chembe za plastiki vile vipande vilivyo chini ya milimita 5. Milimita 5 ni kama punje ya mtama. Nyingine ni ndogo kuliko vumbi la unga, na macho hayazioni.

Fanyeni jaribio hili katika darasa la kisomo. Tafuteni gunia la mbolea la plastiki lililokaa juani mwaka mzima, labda juu ya paa au juu ya uzio. Lishikeni kwa mikono miwili mlifikiche. Mtaona linamomonyoka na kuwa vumbi jeupe. Mnaweza kuliokota vumbi lile kutoka katika udongo? Hamwezi. Lakini gunia lile lilipokuwa zima, mtoto mdogo angeweza kulibeba.

Shikeni neno hilo, kwa maana ndilo somo lote la leo: Plastiki haiozi, inakatikakatika. Tuiokote ingali kubwa.

CHEMBE HIZO ZINADHURU NINI?

Kwanza, zinaharibu njia ya maji na mizizi. Kipande cha nailoni ndani ya udongo ni kama ukuta. Maji ya mvua yanasimama juu yake. Mizizi inazunguka.

Nchi ya China imeyaona haya kwa macho. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 wakulima wa huko walianza kutandika nailoni nyembamba juu ya mashamba ili udongo usikauke. Mazao yaliongezeka. Lakini nailoni ile ilikuwa nyembamba mno. Baada ya mavuno haikuokoteka, ilichanika ikabaki shambani. Miaka ikapita, mabaki yakajaa, na mashamba mengine yakaanza kutoa mavuno haba. Kuanzia mwaka 2018 serikali yao iliagiza nailoni ya shambani iwe nene zaidi, ili mkulima aweze kuiondoa nzima. Mnaona? Hata wao walifika kwenye neno letu: iokote ingali kubwa.

Pili, zinawadhuru wafanyakazi wa udongo. Wavuvi wetu wanamjua nyungunyungu kama chambo cha ndoana. Mkulima amjue kama rafiki. Anatoboa udongo, hewa inaingia, maji yanaingia, na kinyesi chake ni mbolea. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen, nchini Uholanzi, walitoa habari za jaribio lao. Waliwapa nyungunyungu majani yaliyochanganywa na chembe nyingi za plastiki. Nyungunyungu hao walikua polepole, na waliokufa walikuwa wengi kuliko wale waliopewa majani safi. Shamba likikosa nyungunyungu, mkulima atafanya kazi yao yeye mwenyewe kwa jembe.

Tatu, zinadhuru mifugo. Habari ya mbuzi mmeisikia. Mbuzi au ng'ombe hula mfuko kwa sababu una chumvi au harufu ya chakula. Mfuko hauyeyuki tumboni. Unakaa na kuziba njia.

Nne, zinasafiri. Mashamba yetu mengi yako kwenye miteremko. Milima ya Mbinga inamwaga maji yake kuja ziwani. Mvua kubwa ikinyesha, mito inageuka mwekundu kwa udongo, na chembe za plastiki zinakuja pamoja na udongo huo. Ziwa Nyasa ni kubwa na lenye kina, lakini lina mto mmoja tu unaotoa maji, nao ni mto Shire kule Malawi. Kinachoingia ziwani hakitoki upesi.

Huko Mwanza, watafiti walinunua sangara na sato wa Ziwa Victoria sokoni, wakapasua matumbo yao. Mwaka 2016 walitangaza matokeo. Katika kila samaki watano wa kila aina, mmoja alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Sangara na sato tunatoa matumbo kabla ya kupika. Lakini dagaa wetu wa Nyasa tunamwanika na kumla mzima, pamoja na utumbo wake. Basi tulilinde ziwa kabla halijafika huko.

Tano, zinafika kwa mtu. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walipima damu ya watu wazima 22 wenye afya. Watu 17 kati yao walikutwa na plastiki katika damu. Msiogope mkakimbilia zahanati mkitaka dawa. Kukutwa na chembe katika damu bado si ugonjwa, na hakuna dawa ya kuziondoa. Kinga yetu ni kupunguza plastiki inayoingia katika chakula, maji na hewa.

TUSICHOME PLASTIKI

Wengine watasema: "Daktari, mbona kazi ni rahisi? Tuichome moto yote."

Hapana, ndugu zangu. Hapo tutatoka kwenye matope tuingie kwenye shimo. Moshi wa plastiki una sumu. Unawasha macho na koo. Unaleta kikohozi. Mwenye pumu unaweza kumziba pumzi. Na anayeuvuta zaidi ni mama aliye jikoni na mtoto aliye mgongoni.

Ninajua kuwa wengi wetu tunawashia moto kwa kipande cha dumu au kwa mfuko. Kuni mbichi zinasumbua, na plastiki inawaka upesi. Lakini akija mama zahanati na mtoto anayekohoa kila wiki, siku hizi ninamuuliza kwanza: "Mama, asubuhi unawashia nini moto?" Mara nyingi jibu linanipa sehemu ya ugonjwa. Tutumie majani makavu, maganda makavu ya mahindi au vijiti vilivyopasuliwa vyembamba na kuwekwa mahali pakavu.

Majivu ya plastiki nayo yana sumu. Wapo wanaohifadhi mahindi na maharage kwa majivu ya jikoni. Ni desturi nzuri ya wazee, lakini majivu yawe ya kuni tupu.

PLASTIKI INAINGIAJE SHAMBANI MWETU?

Hatuwezi kufunga mlango tusioujua. Hii hapa ni milango mitano.

Mlango wa kwanza ni mbolea ya shimo la taka. Hapo ndipo nilipokosea.

Mlango wa pili ni viriba vya miche. Miche ya kahawa kule Mbinga, na miche ya miti na matunda huku kwetu, hukuzwa ndani ya viriba vya nailoni. Mkulima mwenye haraka hupanda mche pamoja na kiriba chake, au hukichana na kukiacha shimoni. Mizizi inabanwa na kiriba kinabaki katika udongo.

Mlango wa tatu ni magunia na kamba. Tunaanika mihogo na kupiga maharage juu ya magunia makuukuu. Yakimomonyoka, nyuzi zinabaki uwanjani na shambani. Nyingine zinaingia katika chakula chenyewe.

Mlango wa nne ni nyavu na vyandarua. Tunazungushia bustani nyavu chakavu ili kuku wasiingie. Hapa nami nakiri. Bustani yangu ya mchicha nyuma ya nyumba niliizungushia chandarua cha zamani. Nyuzi za chandarua ni plastiki, na nyingi zimetiwa dawa ya kuua mbu. Jua lilikichana, nyuzi zikaanguka katika tuta. Nimekwisha kukiondoa na kuweka uzio wa mianzi. Chandarua kizima ni cha kitandani. Chandarua chakavu kinaweza kufunika dirisha kuzuia mbu. Kisipelekwe bustanini wala ziwani.

Mlango wa tano ni mifuko ya sokoni. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar walitangulia mwaka 2006. Hatua hiyo imesaidia. Lakini jueni jambo moja. Ile mifuko laini kama kitambaa inayouzwa sokoni, inayoitwa mifuko mbadala, mingi nayo imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Ikitupwa shambani nayo inachanikachanika. Itumieni mara nyingi, na ikiisha msiitupe ovyo. Kikapu cha ukindu hakina deni kwa udongo.

TUFANYE NINI?

1. Tuchimbe mashimo mawili. Shimo la kwanza ni la taka zinazooza: maganda, majani, majivu ya kuni, mabaki ya chakula. Hili ndilo la mbolea. Shimo la pili ni la taka zisizooza. Kama hakuna nafasi ya shimo la pili, tundika gunia zima chini ya paa, mahali pakavu, na kila plastiki iwekwe humo. Wafundisheni watoto kuuliza swali moja kabla ya kutupa kitu: "Hiki kilitoka shambani au kiwandani?"

2. Tuchekeche mbolea. Kabla ya kuipeleka shambani, ipitisheni katika chekeche la waya, au itandazeni juani mkachague kwa mikono. Anayefanya kazi hiyo afunike pua kwa kitambaa, na akimaliza anawe mikono kwa sabuni.

3. Tuokote kabla ya kulima. Siku ya kusafisha shamba, kabla ya jembe la kwanza, familia nzima ipite mstari kwa mstari na kuokota plastiki. Jembe likipita kwanza, kipande kimoja kitakuwa kumi.

4. Tuvue viriba. Chana kiriba pembeni, kitoe chote, ndipo upande mche. Hesabu viriba ulivyokuja navyo. Ukija na miche 50, urudi nyumbani na viriba 50.

5. Tuwe waangalifu na chupa za dawa za mimea. Dawa ikiisha, suuza chupa mara tatu, na maji hayo yamwage ndani ya bomba la kupulizia yatumike shambani. Kisha itoboe chupa. Isitumike kamwe kuwekea maji, mafuta ya kula wala mafuta ya taa. Isitupwe kijitoni.

6. Kijiji kiwe na mahali pamoja. Gunia la plastiki likijaa lipelekwe wapi? Madumu, ndoo na chupa ngumu zina wanunuzi mjini. Tuziweke pamoja mpaka usafiri upatikane. Zile zisizonunuliwa zifukiwe katika shimo moja la kijiji, refu, lenye alama, mbali na kisima, kijito, ziwa na mashamba, mahali ambapo maji ya mvua hayapiti. Shimo hilo haliondoi plastiki duniani. Lakini ni afadhali plastiki iliyo mahali pamoja panapojulikana kuliko ile iliyosambaa katika kila tuta. Halmashauri ya kijiji inaweza kujadili jambo hili na kutunga sheria ndogo kwa utaratibu uliowekwa.

TUJIFUNZE KWA NGORO

Ndugu zetu Wamatengo wa milimani Mbinga wana kilimo chao cha ngoro. Wanafyeka majani, wanayapanga chini katika miraba, halafu wanachimba udongo wa katikati na kuyafunika. Katikati panabaki shimo linaloshika maji ya mvua. Majani yanaoza ndani ya tuta na kulisha mazao. Kwa njia hiyo wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi, na udongo haukukimbia.

Watu wale walielewa kuwa kila kinachowekwa chini ya tuta ni chakula cha udongo. Nasi tujiulize: mwaka huu tunaulisha udongo wetu nini?

Dunia nzima inajiuliza hivyo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2021 kuwa kilimo cha dunia kinatumia tani milioni 12.5 za plastiki kwa mwaka. Sisi wa Liuli tunatumia sehemu ndogo sana ya hizo. Hiyo ni bahati yetu. Shamba lenye plastiki kidogo bado linaokolewa kwa mikono.

Mama yule sasa ana mashimo mawili. Jumamosi tatu nilikwenda kumsaidia kuokota. Tulijaza magunia mawili na nusu. Vipande vikubwa tulivitoa, lakini vile vilivyokwisha kuwa vumbi tumeviacha, kwa kuwa hakuna mkono wa kuviokota. Vitabaki humo, na wajukuu wake watalima juu yake. Siku ya mwisho aliniambia: "Daktari, mkutano ujao usisahau." Sikusahau, na ninyi msisahau.

MANENO YA KUJIFUNZA

Chembe: kipande kidogo sana cha kitu.
Kiriba: mfuko mdogo wa nailoni wa kukuzia mche.
Kufikicha: kusugua kitu kwa vidole mpaka kivunjike.
Kuchekecha: kupitisha kitu katika chekeche ili kutenga kikubwa na kidogo.
Nyungunyungu: mnyoo wa udongo anayesaidia kilimo.
Sheria ndogo: sheria inayotungwa na kijiji au wilaya kwa ajili ya eneo lake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taka za nyumba yako leo zina nini? Tengeni zile zinazooza na zile zisizooza.
2. Kwa nini ni vizuri kuokota plastiki kabla ya kulima?
3. Kati ya ile milango mitano, ni upi ulio wazi zaidi katika kijiji chenu?
4. Kwa nini tusiwashie moto kwa plastiki? Tutumie nini badala yake?
5. Shimo la kijiji la plastiki lichimbwe wapi? Chagueni mahali, mwandike sababu tatu, mzipeleke kwa mwenyekiti.

Kazi ya nyumbani: Pima hatua kumi kwa hatua kumi katika shamba lako. Okota plastiki yote utakayoiona. Ilete darasani uionyeshe.

Tuiokote ingali kubwa.